Bi Ozella agoma kuuvua udongo nguo

Saa tatu na nusu asubuhi, Jumatano ya tatu ya Septemba. Basi la shule namba kumi na nne limeegeshwa Mtaa wa Larkin, injini bado ina joto, na dereva wake yuko katikati ya nyanya.

Hajavua kizibao chake cha rangi ya chungwa. Mkono wa kushoto ameshika karatasi aliyoikunja kama ile ya kuuzia karanga. Mkono wa kulia unachota mbegu humo na kuzirusha chini ya majani, kidogo kidogo, kama mtu anayelisha kuku wasiogombana.

Karatasi yenyewe ni barua ya manispaa.

“Karatasi yao nzuri,” anasema Ozella Threadgill, miaka sitini na mbili. “Nene. Haivujishi hata mbegu moja.”

Barua inamwambia hivi: kiwanja alichokodishwa jirani na nyumba yake, hapa Tannery Bend, Ohio, kiwe kimeng'olewa kila kitu ifikapo tarehe kumi na tano Oktoba. Kichanwe kwa reki, udongo uonekane. Nyasi zozote zisizidi inchi nane. Asipofanya hivyo mkataba wake hautaendelea mwaka ujao, na kiwanja kitamwagwa kokoto kiwe maegesho ya magari.

Anaigeuza karatasi juu chini na kuipigapiga ili mbegu za mwisho zitoke. Kisha anaanza kutembea juu ya alichopanda, kisigino kikigusa vidole, taratibu, mpaka amekanyaga kiwanja chote. Mbegu lazima ishikane na udongo, anaeleza. Ikibaki juu juu inakuwa chakula cha ndege.

Alichopanda ni rai, nafaka ndugu yake ngano, na klova, majani ya jamii ya kunde. Havuni hata punje. Rai inaota kabla ya baridi, inalala chini ya theluji ikiwa na mizizi hai, na Mei anaikata na kuilaza palepale ioze. Nyanya wala hazing'oi. Baridi ya kwanza ikiziua anazikata shina kwa mkasi na kuiacha mizizi ndani.

Kwa maneno mengine, kila anachofanya leo asubuhi ni kinyume cha barua.

“Kuna watu wanavua udongo nguo Oktoba, halafu Aprili wanashangaa umekufa,” anasema. “Mimi sivui. Waje wenyewe.”

Kiwanja hiki hakikuzaliwa bustani. Hapa palikuwa na nyumba namba 212. Kiwanda cha vioo kilipofungwa wenyewe walihama, nyumba ikakaa tupu, ikaungua, ikabomolewa. Waliobomoa hawakuhangaika kubeba kifusi. Matofali, masinki, vigae, mpaka mlango mmoja wa friji, vyote walivisukuma kwenye shimo la chini ya nyumba. Juu yake wakamwaga udongo wa manjano uliochimbwa barabarani, halafu wakapitisha mashine.

“Wakashindilia kama wanazika mtu wanayemwogopa,” anasema Bi Ozella.

Alikikodi miaka sita iliyopita kwa dola kumi kwa mwaka, miezi michache baada ya kufiwa na mumewe, Rayford. Alikuwa akirudi kutoka zamu ya asubuhi anakaa jikoni na kusikiliza friji inavyonguruma, mpaka saa ya zamu ya mchana. Udereva wa basi la shule ndivyo ulivyo. Unalipwa saa tano kwa siku, dola ishirini na moja kwa saa, na katikati ya mchana una pengo ambalo halitoshi kazi nyingine wala halipiti upesi. Majira ya joto shule zikifungwa, hulipwi kitu.

Mwaka wa kwanza alipanda nyanya na sukuma wiki. Siku ya pili tu mpini wa sepetu ukavunjika. Mvua ikinyesha panakuwa bwawa, jua likiwaka panakuwa sakafu. Sukuma ilitoa majani madogo kama ulimi wa paka, na watu wa kanisani wakamuuliza kwa upole kama anafuga sungura.

Dawa aliiona akiwa kwenye usukani.

Njia ya basi namba kumi na nne inatoka mjini na kuzunguka mashamba ya mahindi kabla ya kurudi. Kila Machi, theluji ikiyeyuka, mitaro yote ya njia ile inapitisha maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ni udongo wa watu unaondoka huo. Shamba moja tu lilikuwa kijani msimu wote wa baridi, na mtaro wake ulikuwa maji matupu. Bi Ozella alilipita shamba lile miaka kumi na moja, mara mbili kwa siku, bila kuuliza.

Asubuhi moja, basi likiwa tupu, alimkuta mwenye shamba amesimama kwenye sanduku lake la barua. Mzee mrefu, mkimya, anaitwa Lyle Burkholder. Bi Ozella akasimamisha basi, akafungua mlango, akamuuliza kinachoota pale ni nini. Mzee akaingia ghalani na kutoka na kopo la kahawa limejaa rai. Akamwambia arushe Septemba, akate Mei, na asilime kamwe. Bei akasema ni nyanya, zikiwepo.

Nyanya zimekuwepo. Kila Agosti basi namba kumi na nne linasimama pale mara moja bila mtoto wa kupanda wala wa kushuka.

Ushahidi wa Bi Ozella anauhifadhi nyuma ya mlango wa kibanda cha zana. Ni kipande cha nondo, futi tatu na ushee, alichokichimbua humu humu kiwanjani kwenye msingi wa nyumba ya zamani. Kila Aprili, siku moja baada ya mvua, anakichomeka ardhini kwa mikono miwili. Hatumii nyundo wala hakanyagi. Kikigoma, anaweka alama kwa rangi ya kucha nyekundu.

Alama ya kwanza iko inchi mbili kutoka ncha. Ya sita iko inchi kumi na tisa. Akiisimamisha nondo kando ya mguu, alama hiyo inamfika gotini.

“Siwezi kukuonyesha udongo unavyopona. Hauna uso,” anasema. “Lakini chuma hakidanganyi. Miaka sita iliyopita chuma hiki kilikuwa kinaniumiza viganja.”

Sasa, ugomvi ulianzaje? Hapo Bi Ozella mwenyewe anacheka kabla hajaeleza, na anakubali kwamba kosa la kwanza lilikuwa lake.

Mbali na rai, miaka ile alikuwa akipanda figili, zile nyeupe ndefu kama mkono wa mtoto. Unazirusha Agosti, zinachimba chini zenyewe kupita kifusi, baridi inaziua, na pale zilipokuwa panabaki shimo la kupitisha maji na hewa. Kwa kiwanja kama chake, konzi mbili zinatosha. Mwaka jana dukani walikuwa wanamaliza mzigo, akanunua mfuko mzima kwa bei ya nusu, na kwa kuwa ameshaununua, akaumwaga wote.

“Ubahili,” anasema. “Hilo liandikwe.”

Februari hii likaja joto la siku nne. Figili zaidi ya elfu moja zikaoza kwa pamoja. Na figili iliyooza, kwa asiyejua, inanuka gesi ya jikoni iliyovuja.

Jirani wa kushoto ni Shemasi Thurman Pettway, miaka sabini na moja, mstaafu wa kiwanda cha vioo, mzee wa mlangoni pale kanisani na mtu mwenye bustani safi kuliko zote Mtaa wa Larkin. Ni yeye aliyeisikia harufu. Akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: akawaita zimamoto, kisha akapita nyumba kwa nyumba akiwa na taulo puani, akiwatoa watu nje. Nyumba kumi na nne. Bibi mmoja alibebwa na kiti chake.

Bi Ozella alirudi na basi akakuta utepe wa njano umefunga mtaa. Watu wamesimama kwenye matope na ndala. Fundi wa gesi anazungukazunguka na kipimo chake, na kipimo hakisemi kitu. Mwisho kijana mmoja wa zimamoto akaifuata pua yake mpaka kiwanjani, akainama, akavuta, akanyoosha juu kitu cheupe kinachochuruzika.

“Shemasi,” akauliza kwa sauti iliyofika mwisho wa mtaa, “hii gesi yenu mnaipikaje?”

Mtaa mzima ulicheka. Kucheka kule ndiko kulikoleta barua. Kwa wiki nyingi hakuna aliyempita Shemasi Pettway mlangoni mwa kanisa bila kuvuta pumzi kwa nguvu na kuuliza kama mambo ni salama. Aprili akaanza kupita tena nyumba kwa nyumba, safari hii na karatasi ya sahihi. Alirudi na majina thelathini na moja.

Bi Ozella aliiomba nakala manispaa na kuisoma jina moja moja. Hakulia. Alichukua kalamu na kuweka alama.

“Thelathini na moja,” anasema. “Ishirini na sita kati yao wamekula sukuma yangu Sikukuu ya Shukrani. Wawili waliomba chombo cha kubebea.”

Na hapo barua inauma zaidi, maana hapa Tannery Bend hakuna anayekula sukuma kabla haijapigwa na baridi. Ikishaganda mara moja au mbili ndipo inakuwa tamu. Kung'oa kila kitu Oktoba kumi na tano ni kuing'oa ikiwa bado chungu. Sufuria nne kubwa za kanisa, za mwisho wa Novemba, zinatoka kiwanja hiki.

Barua ilipofika Agosti, Bi Ozella alitoa kitu kimoja. Figili hakupanda. Mfuko mdogo wa mbegu aliokuwa ameshaununua kwa mwaka huu aliufunga kwa mpira na kuuweka juu ya kabati. Manispaa na Shemasi, anasema, hawatapata kingine zaidi ya hicho.

Ukimsikiliza Shemasi Pettway, naye ana lake, na si dogo.

Yeye na Bi Ozella wote ni Wamarekani weusi waliozaliwa Alabama, kusini, wakaletwa huku na wazazi waliofuata kazi. Kule kwao uwanja wa nyumba ulifagiliwa kila Jumamosi kwa fagio la vijiti mpaka ukabaki ardhi tupu, laini, yenye mistari ya fagio. Jani moja likionekana uwanjani ilikuwa aibu ya mama mwenye nyumba. Nyumba inaweza kuvuja, mlango unaweza kufungwa kwa waya, lakini uwanja uking'aa hakuna mzungu wala mweusi wa kukuita mchafu.

Ndiyo maana Oktoba ikiingia Shemasi anang'oa kila kitu kwenye kishamba chake, mpaka mzizi wa mwisho, na kukichana kwa reki mpaka kinafanana na kichwa kilichosukwa. Na upande wa pili wa uzio anaona majani.

Mwishoni mwa Septemba, rai ikiwa imeshaota kama ndevu za siku tatu, walikutana uzioni. Yeye alikuwa na reki. Bi Ozella alikuwa na chai.

“Dada Ozella, nakwambia kwa heshima. Watu wakipita hapa watasema hatujui kufagia.”

“Wakipita kwangu au kwako?”

“Hawajui mpaka uko wapi. Wanaona mtaa tu. Mji mzima unatusubiri tuchafuke, na wewe unawapandia ushahidi.”

Bi Ozella akanywa chai yake kwanza.

“Shemasi, mama yangu alifagia uwanja tangu nimepata akili. Lakini sikumwona hata siku moja akifagia shamba.”

“Mama yako hakuwa na barua ya manispaa.”

“Alikuwa na mwenye shamba anayekuja na farasi kuangalia kama amefanya alivyoambiwa. Unafikiri alifanya?”

Shemasi akasema hayo ni mambo ya zamani. Bi Ozella akamwambia fagio nalo ni la zamani. Shemasi akageuka na reki yake. Alipofika katikati ya bustani, bila kuangalia nyuma, akasema kokoto zikija walau mtu atapata pa kuegesha gari.

Usiku ule, Bi Ozella anakiri, neno hilo lilimkaa kifuani. Kokoto hazina kurudi. Ukishamwaga na kushindilia, miaka sita yote na alama zake sita zimerudi inchi mbili. Mwanawe aliyeko Columbus alimwambia kwa simu aachane nayo, apande maua kwenye ndoo, umri umekwenda. Bi Ozella akamuuliza kama ameshakula, wakaagana.

Tarehe kumi na tano Oktoba, saa nne asubuhi, gari la manispaa linasimama nyuma ya basi.

Ofisa anaitwa Renita Fauntroy. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ana viatu vya mpira na ubao wenye fomu. Shemasi Pettway ameshatoka, amevaa koti la Jumapili. Majirani wachache wanajifanya wanakusanya majani makavu ambayo walishayakusanya jana.

Rai imefika inchi saba. Ofisa anapima mahali sita kwa rula, na kila mahali ni saba, au saba na nusu. Hata kando ya lundo la mbolea, ambapo kila kitu hurefuka, ni saba. Anainama kuangalia vizuri. Ncha za majani zimekatwa sawasawa.

“Mama, hii umeikata?”

“Nimeinyoa alfajiri. Mkasi wa jikoni,” anajibu Bi Ozella. “Mgeni akija unanyoa.”

Ofisa anabana mdomo. Anaandika. Kisha anasoma kifungu cha pili, kwa sauti ya mtu ambaye angependa kukiruka. Kila mmea ung'olewe. Udongo uonekane.

Hapa ndipo wengi walitarajia Bi Ozella awe na ujanja mwingine. Hakuwa nao.

“Hapo nakataa,” anasema.

“Mama, mkataba...”

“Mwanangu, nimeusoma. Kata mkataba, ni kalamu yako. Lakini mimi sing'oi. Ukitaka kiwe tupu, mng'oe ninyi, na mje saa ambayo sipo kwenye basi, maana nataka kuona.”

Hata majirani wameacha majani.

Bi Ozella anaingia kibandani na kutoka na nondo. Shemasi anarudi nyuma hatua moja, na baadaye atakataa kwamba alirudi. Bi Ozella anamkabidhi ofisa na kumwomba kitu kimoja tu: achomeke popote anapotaka, kwa mikono, bila kukanyaga.

Ofisa anachagua mahali katikati ya rai. Nondo inazama kama kijiko kwenye uji. Anashangaa mpaka anakaribia kuanguka mbele. Inasimama chini kidogo ya alama ya sita.

“Sasa nenda kwa Shemasi,” anasema Bi Ozella. “Pale panapoonekana.”

Shemasi anasema karibu, hana cha kuficha, miaka arobaini anaitunza ardhi ile. Ofisa anavuka, anachagua mahali penye mistari mizuri ya reki, anasukuma. Inchi tatu. Anasukuma tena. Inchi tatu.

“Umegonga jiwe,” anasema Shemasi. Anamnyang'anya kwa adabu, anahamia hatua mbili pembeni na kuegemea kwa uzito wote na koti lake la Jumapili. Tatu na nusu.

“Jiwe jingine.”

Anajaribu kona. Anajaribu kando ya uzio. Jasho linamtoka.

“Shemasi,” anaita Bi Ozella, “kumbe una machimbo na hujatuambia.”

Mtu mmoja mtaani anacheka, na Shemasi anasikia kicheko kilekile cha Februari. Anasimama na nondo mkononi. Uso wake, anasema Bi Ozella, haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyeambiwa jambo kuhusu mtoto wake.

Ofisa Fauntroy amerudi kwenye fomu yake. Ina visanduku viwili, safi na chafu. Anakaa na kalamu hewani kwa muda, kisha haweki alama popote. Anaandika pembeni kwa mwandiko mdogo kwamba suala liende mbele ya baraza la mji, Jumatatu ya tatu ya Novemba. Mkataba hautakatwa wala kuongezwa mpaka siku hiyo. Kabla ya kupanda gari anauliza, kama anauliza njia, mbegu za rai zinauzwa wapi.

Bi Ozella anaangalia saa. Ana zamu.

Ilipofika Jumamosi, alikwenda kibandani kuchukua mkasi akakuta nondo haipo. Aliitafuta nyuma ya mlango, chini ya meza, kwenye basi. Jumapili asubuhi ilikuwa mahali pake, imeoshwa na kukaushwa, na ncha yake imepakwa mafuta isishike kutu.

Kabla ya kwenda kanisani akachungulia uzioni. Kishamba cha Shemasi, kile kilichochanwa kama kichwa, kilikuwa kimetoboka kote, mstari kwa mstari, tundu kila hatua moja, kama kuku mia wamepita wakidonoa. Hapakuwa na tundu hata moja lililoonekana kwenda chini.

Kanisani Shemasi Pettway alimfungulia mlango kama kila Jumapili, akampa karatasi ya nyimbo na kumwambia karibu, Dada Ozella. Jina lake bado liko la kwanza kwenye orodha ya sahihi, na alipoulizwa kama atalifuta, alijibu kwamba mwanamume hafuti jina lake. Ila kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaa huu, Jumatatu ile alimwaga majani makavu juu ya udongo wake na hakuyakusanya. Aliyemuuliza aliambiwa mgongo unamuuma.

Leo ni wiki ya kwanza ya Novemba. Barafu nyembamba imeshapita mara mbili, na sukuma ya Bi Ozella imesimama juu ya rai kama watu wanaovuka mto, majani yake yameanza kuwa matamu. Nyanya zimebaki visiki vya kidole. Klova imejificha chini inasubiri.

Baraza likikaa, siku zitakuwa zimebaki kumi kufika Sikukuu ya Shukrani. Bi Ozella atakwenda na vitu viwili. Cha kwanza ni sufuria ya sukuma, ya moto, na mkate wa mahindi. Cha pili ni nondo. Ameambiwa mlinzi wa mlangoni hataruhusu chuma kiingie ukumbini. Amesema basi baraza litatoka nje, maana yeye amezoea kuwasubiri watu mlangoni wakiwa wamechelewa.

Na wakikataa?

Anaacha kuchuma. Anafuta mikono kwenye kizibao.

“Rai imeshaota. Haisomi barua,” anasema. “Wakitaka kumwaga kokoto, watazimwaga juu ya kitu kilicho hai, mchana, mimi nikiwa nimesimama katikati, na watoto wa basi zima wanaangalia. Wajiulize kama wanaitaka picha hiyo.”

Mipango yake ya mwaka ujao haina neno ‘kama’. Mei atakata rai na kuilaza. Agosti ataushusha ule mfuko juu ya kabati na kupanda figili, konzi mbili tu, hapimi tena kwa bei. Atazipanda upande wa mbali, anasema, halafu anafikiri kidogo na kubadilisha: la, atazipanda uzioni, upande wa Shemasi, maana mizizi haina mpaka na mzee ana machimbo yake ya kutobolewa.

Na Aprili, siku moja baada ya mvua, ataitoa nondo. Chupa ya rangi ya kucha ilikuwa imeisha, kwa hiyo wiki iliyopita alinunua nyingine, nyekundu ileile. Iko kwenye dirisha la jikoni, haijafunguliwa, ikisubiri alama ya saba.

Alama hiyo anataka ipite goti.